Joto Litaenda Wapi?

Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye vilima vya Derbyshire huko Uingereza, madereva wa mikokoteni ya farasi walikuwa na mbinu yao ya kushuka mteremko. Breki ya mkokoteni ilikuwa kipande cha mbao kinachosukumwa kwenye gurudumu. Mbao ikipata moto inatoa moshi, inateleza, na mzigo unaanza kumsukuma farasi. Kwa hivyo wakapigilia buti kuukuu juu ya ile mbao, ngozi ishike pale mbao iliposhindwa.

Jamaa mmoja anayeitwa Herbert Frood aliwaona, akaanza kujiuliza ni kitu gani kingeshika vizuri kuliko buti. Mwaka 1897 akaanza kutengeneza lainingi za breki. Kampuni yake ikaja kuitwa Ferodo: chukua herufi za jina lake, zichanganye, ongeza e moja. Jina hilo bado liko kwenye boksi za spea hadi leo.

Nimekuwa nikimfikiria sana Frood miezi hii, kwa sababu rafiki yangu anaandaa Impreza yake kwa siku za uwanjani. Hizi si mbio za mataji. Unalipa ada, unaingia na gari lako mwenyewe, lile lile la kwenda nalo kazini Jumatatu, unazunguka mizunguko kadhaa kwenye njia iliyofungwa, halafu unarudi nyumbani. Rafiki yangu ana pesa kidogo na orodha ndefu: turbo, eksozi, rimu. Breki ziko chini kabisa ya orodha. Karibu kila kijana ninayemjua mwenye gari la kukimbia ana orodha iliyopangwa hivyo hivyo, na ukisoma historia utaona wenye viwanda nao walianza vivyo hivyo. Injini kwanza, kusimama baadaye.

Nilisoma uhandisi miaka miwili kabla ya kuacha chuo. Kanuni ya nishati ya mwendo niliikariri, nikafanya mtihani, nikapita, bila kuielewa. Niliielewa gereji. Breki haiui mwendo. Mwendo hauuawi, unageuzwa kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, ulipunguze hadi 60 kabla ya kona. Joto linalozaliwa kwa sekunde hizo chache linatosha kuchukua lita tatu na nusu za maji kutoka nyuzi 20 na kuyafikisha 100. Yaani sufuria nzima ya chai, kwa kona moja. Kona ya pili, sufuria nyingine. Na ukiongeza mwendo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa hiyo swali la breki, tangu siku za buti, ni moja: joto litaenda wapi?

Jibu la kwanza la viwanda lilikuwa kulivumilia. Kuanzia 1908 Frood akaweka asbesto kwenye lainingi zake, kwa sababu asbesto haiungui. Iliwashikia madereva breki kwa miaka mingi, na vumbi lake likaharibu mapafu ya waliozitengeneza na waliozibadilisha. Uingereza ilikuja kupiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto iliyokuwa ikitumika mwaka 1999.

Jibu la pili lilikuwa kulitoa nje, na lilichelewa kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1902 Frederick Lanchester wa Birmingham aliandikisha hataza ya breki ya diski: sahani inayozunguka na gurudumu, ikibanwa pande zote mbili. Lakini padi zake zilikuwa za shaba, zikapiga kelele za kukera, na vumbi la barabara za wakati huo likazila haraka. Mwaka huo huo, Ufaransa, Louis Renault akaja na breki ya dramu, ambamo lainingi zimefichwa ndani ya bakuli la chuma linalozunguka. Dramu ilikuwa kimya, iliingiwa na uchafu kidogo, ikashinda kwa nusu karne.

Tatizo la dramu ni lile lile zuri lake: imefungwa. Joto linabaki ndani. Chuma kikipata moto kinapanuka, na dramu ikipanuka inajitenga na lainingi. Unakanyaga zaidi, unapata kidogo zaidi. Diski nayo inapanuka, lakini inapanuka kuelekea kwenye padi, na inazunguka ikiwa wazi kwenye upepo.

Katikati hapo kulikuja kitu kingine kikubwa: maji ya breki. Badala ya nyaya na fimbo, mguu wako unasukuma kimiminika kwenye mabomba, nacho kinasukuma breki za magurudumu yote kwa nguvu sawa. Mmarekani Malcolm Loughead ndiye aliyeisukuma mbele teknolojia hiyo, na mwaka 1921 Jimmy Murphy akashinda Grand Prix ya Ufaransa kwa Duesenberg yenye breki za aina hiyo. Kumbuka hicho kimiminika. Tutakirudia, maana kwa rafiki yangu ndicho kilikuwa hadithi yote.

Mwaka wa kukumbukwa ni 1953. Huku kwetu ndio mwaka Safari Rally ilipoanza, ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Wiki mbili hivi baadaye, Le Mans, Jaguar wakapeleka C-Type tatu zenye diski za Dunlop kwenye magurudumu yote manne. Teknolojia hiyo ilikuwa imetumika kwenye ndege, na Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, alikuwa ameitesa gari baada ya gari mpaka ikakubali. Mwaka uliotangulia alikaa kando ya Stirling Moss kwenye Mille Miglia wakiijaribu, hawakumaliza. Mwezi uliofuata Moss akashinda nayo Reims.

Le Mans ya siku hizo ilikuwa na mnyoosho wa karibu kilomita sita, halafu kona kali ya kulia. Mzunguko baada ya mzunguko, kwa saa 24, unafika hapo na mwendo wa zaidi ya 230 na lazima uutupe karibu wote. Gari la Mmarekani Briggs Cunningham lilikuwa na kasi kuliko Jaguar kwenye ule mnyoosho, lakini lilitumia dramu, kubwa ajabu. Ilibidi madereva wake waanze kukanyaga mapema. Jaguar walikanyaga wakiwa wamechelewa, na saa ya ishirini walikanyaga pale pale walipokanyaga saa ya kwanza. Wakamaliza wa kwanza, wa pili na wa nne, Cunningham akaponea katikati. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa kilomita 170 kwa saa. Mshindi wa mwaka uliotangulia alikuwa na wastani wa karibu 155. Kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini hakuna aliyetoka pale akiamini tena kwamba breki ni jambo la waoga.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini miaka miwili baadaye, uwanja huo huo, tarehe 11 Juni 1955, Mike Hawthorn akiwa kwenye Jaguar ya diski alimpita Lance Macklin, kisha akakanyaga breki aingie kwa mafundi. Macklin akakwepa kushoto. Nyuma yake Pierre Levegh alikuwa anakuja na Mercedes ya dramu, yenye bamba la kuinuka nyuma kusaidia kushika upepo. Mercedes ikapanda juu ya gari la Macklin, ikaruka, ikaangukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa, Levegh mwenyewe akiwemo. Uchunguzi haukumtia dereva yeyote hatiani, na huwezi kuzilaumu diski peke yake: njia ilikuwa nyembamba, na watazamaji walisimama karibu mno. Ninachokiona mimi ni kwamba uwezo wako wa kusimama unamhusu pia aliye nyuma yako. Breki nzuri si kibali cha kukanyaga popote.

Sasa turudi Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Fundi wa rafiki yangu ni mzee mtulivu. Alisikiliza habari za turbo mpaka zikaisha, akasema, "Boss, gari yako inajua kukimbia. Wacha kwanza tuifunze kusimama."

Alianza na kitu cha bei rahisi kuliko vyote. Tunaita oili ya breki, ingawa si oili. Aina za kawaida zinavuta unyevu kutoka hewani, polepole, miezi na miezi. Kiwango cha DOT 4 kinadai kimiminika kipya kisichemke chini ya nyuzi 230. Kikiwa na maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango kinaruhusu kichemke kwa nyuzi 155. Kikichemka, mvuke unajaa kwenye bomba. Kimiminika hakibanwi, mvuke unabanwa, kwa hiyo unakanyaga pedali inazama hadi sakafuni na gari linaendelea na safari yake. Hakuna kalipa ya bei yoyote itakayokuokoa hapo.

Kazi ya kukanyaga nilipewa mimi. Fundi yuko chini anafungua nati ndogo, sauti inatoka uvunguni: "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Gurudumu moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa mtengenezaji. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya strungi. Kilichoingia kilikuwa na rangi ya asali nyepesi. Akatuonya kuhusu namba pia: DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4, lakini DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki nazo. Namba zinafanana, ndugu si ndugu.

Kisha padi. Padi za barabarani zimetengenezwa zishike asubuhi ya baridi ukitoka nyumbani, na zikizidiwa na joto zinaanza kuteleza kama ile mbao ya Derbyshire. Padi kali za mbio zinapenda moto, lakini zikiwa baridi hazishiki vizuri, kwa hiyo si za kumpelekea mtoto shule. Gari la matumizi yote mawili linataka za katikati, na zikiwa mpya lazima zizoeshwe: unapunguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, halafu unaendesha taratibu zipoe. Baada ya hapo mabomba ya mpira yaangaliwe kama yana nyufa, na upepo utafutiwe njia ya kufikia diski.

Diski kubwa na kalipa kubwa zinakuja mwisho. Kinachosimamisha gari mara ya kwanza ni tairi, na kama breki zako zinaweza tayari kuzifunga tairi, breki kubwa hazitakupunguzia hata mita moja. Kazi yake ni kukupa mara ya ishirini iliyo sawa na ya kwanza, kama Jaguar. Kupaka kalipa rangi nyekundu, ambako Nairobi tumekufanya karibu dini, hakupoozi chochote.

Na ukimaliza mizunguko, mzunguko wa mwisho unaenda polepole bila breki, joto litoke. Ukiegesha, usivute handibreki kukiwa na moto. Weka gia, weka jiwe nyuma ya tairi.

Hilo jiwe umeliona. Liko nyuma ya tairi ya kila lori lililosimama kando ya barabara zetu. Madereva wa malori wanajua habari za joto kuliko sisi wa Subaru, lakini wanalipiwa mafuta kwa kipimo. Ndiyo maana jina Salgaa linatutia baridi. Miaka mingi iliripotiwa madereva wakiachia malori yateremke gia ikiwa neutro ili kuokoa dizeli. Fanya hesabu: lori la tani 30 likishuka mita 100 za mwinuko linazalisha joto sawa na mara 25 za Impreza kukanyaga breki kutoka 160 hadi 60. Ukiwa kwenye gia nzito, injini inabeba sehemu ya mzigo huo. Ukiwa neutro, wote unaenda kwenye breki, na breki za malori mengi bado ni dramu, ile ile iliyofungwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa, kwenye kipande hicho hicho cha barabara, watu 36 wakafa. Sisemi ilikuwa neutro wala breki. Baada yake ukajengwa ukuta wa zege katikati ya barabara. Ukuta unatenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Haulipunguzii lori lolote joto.

Kwa hiyo ukiniuliza kama siku za uwanjani ni starehe za watoto wa mabwanyenye, nitakubali kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba ni mahali pachache ambapo kijana anaweza kuhisi breki zikichoka chini ya mguu wake, pasipo na basi linalokuja mbele. Mtu aliyewahi kuhisi pedali ikilegea hashuki tena Limuru kuelekea Mai Mahiu vile vile. Anashuka gia moja mapema, na anaacha nafasi.

Rafiki yangu bado anaitaka turbo. Kwa sasa ana oili mpya, padi mpya, na risiti ambayo haikufika hata robo ya bei ya ile eksozi.