Mwalimu, Tunamfupishia Nani?

Ukitaka kuuona ufupisho mbaya kuliko wote nchini, huna haja ya kuingia darasani. Panda basi Dar es Salaam, kisha mwambie jirani yako wa kiti kwamba unakwenda Sumbawanga. Kwanza atasogea kidogo. Halafu atacheka, na kama ni mchangamfu atakuuliza kwa nini unajisumbua na nauli wakati wenzako wanasafiri kwa ungo. Mji mzima, na uwanda wote wa Ufipa ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, pamoja na mahindi yake, maharage yake na baridi yake ya mwezi wa saba, umekatwa na kukatwa mpaka limebaki neno moja tu: uchawi.

Hebu tuliangalie jina lenyewe. Wenyeji wanalifafanua hivi: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi! Yaani mgeni anaambiwa kwamba kama amekuja na mambo yake hayo, ayaache huko huko alikotoka. Hiyo ni amri ya kukataza. Wapita njia wameichukua nomino wakakiacha kitenzi, na maana ikasimama kichwa chini miguu juu. Ni sawa na mtu aliyesoma ukutani "Usikojoe hapa" akaenda kuwaambia wenzake kuwa pale kuna choo.

Nimefundisha Kiswahili mjini Sumbawanga kwa miaka kadhaa, na mfano huo ndio ninaouanzia kila tunapofika kwenye somo la ufupisho. Wanafunzi hucheka, kisha hukasirika kidogo, na mtu aliyekasirika kidogo husoma vizuri. Lakini mfano huo unafundisha jambo moja tu, kwamba usidondoshe kitenzi. Haufundishi jambo gumu zaidi, yaani wazo kuu linapatikana wapi, na nani mwenye mamlaka ya kusema hili ndilo kuu na lile si kuu. Ili kulielewa hilo ilinibidi nirudi nyuma, nijiulize zoezi hili lenyewe lilitoka wapi.

Kumbe lilitoka ofisini! Sisi tunalifikiria kama zoezi la lugha, jamaa wa sarufi na insha. Lakini Waingereza walipounda Kamisheni ya Utumishi wa Serikali mwaka 1855, ili makarani wapatikane kwa mtihani na si kwa kujuana, moja ya mambo waliyopimwa nayo lilikuwa ni kuchukua rundo la barua na nyaraka na kulifanya ukurasa mmoja. Sababu ilikuwa wazi. Bwana mkubwa hana muda. Karani asome yote, bwana mkubwa asome kiini. Kwa hiyo wazo kuu la barua halikuwa lile lililomuuma mwandishi wa barua. Lilikuwa lile ambalo bwana mkubwa alihitaji kulijua ili akate shauri.

Zoezi hilo likapanda meli. Wakati wa ukoloni wanafunzi wa sekondari wa Tanganyika walifanya mtihani wa Cambridge, na kufupisha habari kulikuwa sehemu ya karatasi ya Kiingereza. Baada ya Uhuru tukawa na mitihani yetu wenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kiswahili nacho kikapewa heshima yake. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne ilifunguliwa na ufahamu na ufupisho: soma kifungu, kipe kichwa, fupisha kwa maneno yasiyozidi idadi fulani. Lugha ilibadilika, bendera ilibadilika. Bwana mkubwa asiye na muda akabaki pale pale, sema sasa anaitwa mtahini.

Sisemi haya kwa kulilaani zoezi. Mtu asiyeweza kufupisha hawezi kuandika, na ninyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi mnalijua hilo kila mnapoirudia hadithi yenu ya kurasa ishirini na kukuta nusu yake ni maneno ya kupasha moto injini. Ninachosema ni kwamba ufupisho una msomaji wake, na msomaji huyo ndiye anayeamua kipi kibaki. Na hapa Ufipa ushahidi upo, tena wa kutosha.

Wafipa wana hadithi moja kongwe. Nitaisimulia kwa ufupi, na tayari hapo mnanikamata. Milansi ni kijiji kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kabisa katika Ufipa, na mkuu wake ndiye mkubwa wa wakuu wote. Siku moja mkuu huyo alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba watakuja wageni, na wakija asiwape kiti chake cha enzi. Wakaja kweli, wanawake watatu kutoka mbali. Mke akashindwa kuwazuia, mgeni akakikalia kiti. Mkuu aliporudi akakuta mambo yameshakwisha. Hakukuwa na vita. Wale wanawake wakawa chanzo cha ukoo wa watawala walioitwa Watwa (usiwachanganye na Watwa wa misitu ya Kongo), ambao baadaye walijigawa, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Jina la Nkansi mnalisikia mpaka leo katika Wilaya ya Nkasi. Mkuu wa Milansi yeye akabakiwa na eneo dogo la kuzunguka kijiji chake, pamoja na heshima ya kimila ambayo hata watawala wapya hawakuigusa. Wasimuliaji wanatofautiana katika mengi, lakini mifupa ya hadithi ndiyo hiyo.

Haya, wazo kuu ni lipi?

Wazungu wengi walioandika juu ya Afrika mwanzoni mwa karne ya ishirini walikuwa na jibu mfukoni kabla hawajaulizwa. Waliamini kwamba popote penye dola katika Afrika, basi dola hiyo ililetwa na wageni kutoka kaskazini, watu bora waliokuja kuwatawala wakulima. Seligman aliliandika wazo hilo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu mataifa ya Afrika, na likasomwa kwa miaka mingi vyuoni. Mtu mwenye wazo kuu la namna hiyo akiisikia hadithi ya Milansi anasikia nusu yake tu: wageni walikuja, wakatawala. Kiti anakisikia. Mkuu anayebaki na heshima yake hamsikii, maana kwake hiyo ni habari ya ziada, ya kukatwa.

Halafu kulikuwa na Bwana Shauri na daftari lake. Katika kila wilaya ya Tanganyika maofisa wa Kiingereza walitunza kitabu cha wilaya, na cha Ufipa kilikuwepo. Humo ziliandikwa habari za makabila, za machifu, za mipaka, za kodi. Swali lililokuwa kichwani mwa ofisa lilikuwa moja: chifu halali ni nani, ili tutawale kwa kupitia kwake? Ukiwa na swali hilo, Milansi inakuwa tanbihi na Watwa wanakuwa habari yenyewe. Kisha taarifa za wilaya zilifupishwa kuwa taarifa ya jimbo, za majimbo zikafupishwa Dar es Salaam. Na kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kila mwaka Uingereza ilipeleka taarifa Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa. Nchi nzima ndani ya kitabu kimoja! Fikiria yule mama wa Ufipa anayelima tuta lake la nyasi zilizofukiwa, jinsi anavyopanda ngazi hizo zote, na kwenye kila ngazi anapunguzwa kidogo, mpaka anafika Geneva akiwa nambari.

Wamisionari nao walikuwa na swali lao. Askofu Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika kutoka Karema mpaka alipofariki mwaka 1917, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha Kifaransa kuhusu watu wa pwani za ziwa hili, Wafipa wakiwemo. Alikaa huku muda mrefu, alijua mengi. Lakini msomaji wake alikuwa Mfaransa mcha Mungu aliyekaa mbali, na kitabu kinamjua msomaji wake.

Katika wote waliofupisha, anayenivutia zaidi ni Roy Willis, mtaalamu wa Kiingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960 akisikiliza. Mwaka 1967 aliandika makala ambayo ndani yake hadithi hii, na mambo mengine mengi ya Wafipa, yanakusanyika katika maneno mawili: kichwa na kiuno. Milansi ni kichwa, ukubwa, akili, heshima. Watwa ni kiuno, nguvu, uwezo wa kutenda. Kimoja bila kingine hakuna mtu, hakuna nchi. Angalieni, huo ni ufupisho mkali sana, maneno mawili tu, na hata hivyo yule mkuu aliyebaki Milansi hajadondoshwa. Halafu mwaka 1981 bwana huyo huyo akatoa kitabu kizima, akairudia hadithi ile ile, safari hii akiisoma kama kumbukumbu ya jinsi dola ilivyojengwa Ufipa kabla ya wakoloni. Hadithi moja, msomi mmoja, mawazo makuu mawili, na miaka kumi na minne katikati. Hakuna aliyempa sifuri.

Sasa turudi darasani. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu hadithi hiyo, nikawaambia waandike wazo kuu kwa sentensi moja. Wavulana wengi waliandika kwamba mke asiyesikia huponza nyumba. Wengine wakaandika tamaa, maana tamaa ni jibu la kila swali la fasihi shuleni. Msichana mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, huyu mama hata jina hana. Ameachiwa nchi nzima ailinde peke yake, mwenyewe yuko porini anafukuza wanyama. Wazo kuu ni yule aliyeondoka." Darasa likachafuka. Nikaliacha lichafuke.

Katika zogo hilo mvulana mmoja mpole wa kutoka vijijini, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akauliza, "Mwalimu, lakini tunamfupishia nani?"

Nilikuwa sina jibu la kitabuni, ila tangu siku hiyo swali hilo naliandika ubaoni kabla ya kifungu chenyewe. Kama unamfupishia mtahini, anataka hoja za kila aya kwa maneno yako mwenyewe. Mpe, usimletee ubishi, kufaulu nako ni haki yako. Kama unamfupishia mtu anayetaka kuoa, labda yule mke ndiye habari. Kama unamfupishia mtu anayetaka kujua kwa nini Wafipa walikuwa na wakubwa wa aina mbili, kiti ndicho habari.

Mtu atasema, basi kila jibu ni sahihi? La hasha! Hapo ndipo Sumbawanga ya kwenye basi inaponisaidia tena. Wazo kuu lolote utakalolitaja ni lazima lipite kwenye kila tukio la hadithi bila kugongana na hata moja. Lichukue hili la mke asiyesikia, lipeleke mpaka mwisho: mbona mume hakumfukuza, mbona hakupigana, mbona heshima yake ilibaki? Linakwama. Tamaa nayo inakwama hapo hapo. La yule msichana linakwenda mbali zaidi, lakini nalo likifika kwenye heshima ya Milansi linaanza kuchechemea, na mwenyewe alikiri hivyo. Mwishowe kundi la nyuma wakaja na hili: mwenye kiti na mwenye nchi wanaweza kuwa watu wawili. Tukalipitisha kwenye kila tukio, onyo, wageni, kiti, kurudi kwa mkuu, mgawanyo. Likapita kote. Nao hawajawahi kumsikia Willis.

Ndiyo maana siku hizi nafundisha kwa mtindo huu. Andika sentensi yako moja. Ifunike hadithi. Mpe sentensi hiyo mwenzako ambaye hakuisoma, halafu msomee mwisho wa hadithi. Akishangaa sana, umedondosha kitu. Rudi ukakitafute, na mara nyingi utakikuta ni kitenzi, au ni mtu mdogo asiye na jina. Zoezi hili linachukua muda, na muhula ni mfupi, na kuna walimu wenzangu wanaoniambia napoteza vipindi. Huenda. Ila wanafunzi wengi hawa watamaliza shule na hawatafupisha tena kifungu cha mtihani maishani mwao. Watakachofupisha ni mkutano wa kijiji kwa wasiohudhuria, maneno ya daktari kwa mama mgonjwa, na hotuba ya mgombea kwa jirani. Huko hakuna mwongozo wa kusahihisha.

Yule msichana nilimwomba daftari lake mwisho wa mwaka. Ana mihtasari mitatu ya hadithi ya Milansi, kila mmoja umeandikwa juu yake ni wa nani. Wa mtahini una maneno sitini kamili, ameyahesabu kwa penseli pembeni. Wa mdogo wake wa darasa la pili una sentensi mbili. Wa tatu ni wa mjomba wake wa Dar es Salaam, yule anayemtania kila likizo kuhusu ungo, na huo umejaza kurasa nne na bado haujaisha.