Pai ya Tufaha Isiyo na Tufaha

Machi ulikuwa mwezi mgumu kwa jiko la mkulima wa Ohio au Indiana katika karne ya 19. Matufaha yaliyowekwa chini ya nyumba tangu Oktoba yameisha, au yamebaki yale yaliyooza upande mmoja. Matunda mapya hayaji hadi kiangazi. Kuku nao, waliopunguza kutaga kwa sababu mchana wa majira ya baridi ni mfupi, ndio kwanza wanaanza tena. Stoo ina unga wa ngano, sukari au molasi, mafuta ya nguruwe, na pipa la siki lililosimama pembeni. Na pai inatakiwa mezani.

Basi pai ikaokwa kwa siki.

Kwa aliyezoea kunyunyizia siki kwenye kachumbari, jambo hili linasikika kama mzaha, lakini siki ile ilitoka kwenye tufaha lenyewe. Wenye miti ya matufaha walikamua maji yake; yakichacha yakawa pombe, yakiachwa zaidi yakawa siki. Ilikaa mwaka mzima bila kuharibika. Limau lilikuwa bidhaa ya meli kutoka Sicily na kwingineko, na bei yake ilijua umbali huo. Mpishi alichemsha maji na sukari, akatia unga kidogo wa kufanya mchanganyiko uwe mzito, siagi, yai kama lipo, na kijiko kimoja au viwili vya siki. Uji huo ulimiminwa kwenye ganda la unga, na ulipopoa ukakaza na kukatika vipande. Ukali wa siki ulitulia ndani ya sukari, na aliyekula akaonja kitu kinachokaribia limau.

Ganda lenyewe lilikuwa ndilo kazi hasa. Mafuta yalisuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ukawa kama chenga, ndipo yakaongezwa maji ya baridi, machache. Fundi wa chapati angepata taabu hapa, maana mikono yake imezoea kukanda hadi donge lilainike. Donge la pai likikandwa hivyo hutoka gumu kama kigae.

Viungo vilikuwa kungumanga na mdalasini, mara nyingine karafuu. Hapo msomaji wa Unguja asijione mgeni. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja tangu miaka ya 1820 kutafuta pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, na zikaleta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Karafuu iliyotwangwa katika jiko la New England, eneo zilikotoka meli hizo, ingeweza kabisa kuwa imeanikwa juani huku kwetu.

Waandishi wa mapishi wa siku hizi huziita pai zote za namna hii, zisizo na tunda bichi, pai za dhiki, na huzisimulia kwa sauti ya huruma. Huruma hiyo imepitiliza. Laura Ingalls Wilder, katika kitabu chake cha 1932 kuhusu utoto wake msituni Wisconsin, anaitaja pai ya siki miongoni mwa vyakula ambavyo mama yake aliandaa kwa Krismasi, pamoja na pai ya matufaha yaliyokaushwa. Tufaha lilikuwapo, na bado siki ikapewa nafasi yake mezani siku ya sikukuu.

Dhiki ya kweli ilikuwa Richmond, Virginia, mwaka 1863. Majimbo ya Kusini yalikuwa vitani, manowari za Kaskazini zimeziba bandari, na mwezi Aprili wanawake wa mji huo waliingia barabarani na kuvunja maduka wakitaka chakula. Mwaka huohuo kilichapwa mjini humo kijitabu cha mapishi ya wakati wa vita, na ndani yake mna pai ya tufaha isiyo na tufaha: biskuti kavu zinalowekwa majini hadi zilainike, kisha zinatiwa asidi ya tartariki, sukari, siagi na kungumanga. Biskuti iliyolowa ina ulaini wa tufaha lililoiva motoni, asidi inaleta uchachu, na harufu ya kiungo inamalizia udanganyifu. Kwa kweli, harufu ambayo walaji wengi huiita ya pai ya tufaha ni ya viungo zaidi kuliko ya tunda.

Ujanja huo ukaja kugeuka biashara. Mwaka 1934, katikati ya mdororo wa uchumi, kampuni ya National Biscuit ilianza kuuza biskuti za Ritz, na baadaye mapishi ya pai hiyo yakachapwa kwenye boksi lake. Wengi husema ilipendwa kwa sababu matufaha yalikuwa ghali. Ni vigumu kukubali: mwishoni mwa 1930 watu wasio na kazi walijaa mitaa ya New York wakiuza matufaha kwa senti 5 kila moja. Pai ile ilipendwa, nadhani, kwa sababu kumdanganya mgeni mezani kunafurahisha.

Indiana wana pai yao ya krimu, yaani malai ya maziwa, na sukari, unga na siagi, bila yai. Zamani wapishi waliichanganya kwa kidole ndani ya ganda lenyewe, kijiko kisije kulitoboa. Mwaka 2009 Seneti ya jimbo ilipitisha azimio la kuienzi.

Anayetaka kujaribu ya siki asikwamishwe na oveni. Walowezi wengi walioka katika sufuria ya chuma yenye makaa chini na juu ya kifuniko, kama unavyopikwa mkate wa kumimina. Moto wa juu uzidi wa chini kidogo, na pai isikatwe kabla haijapoa kabisa.