Mlalo, si "Saa ya Dhahabu"

Kijitabu kimoja cha mafunzo ya upigaji picha, kilichopitiwa na jopo la wataalamu, kinamhimiza msafiri apige picha "katika saa ya dhahabu". Mswahili akisikia saa ya dhahabu hutazama mkono wa mtu, hatazami jua. Jopo zima halikuliona hilo.

Tena si saa. Wapiga picha huuhesabu mwanga wa jioni unaoitwa hivyo tangu jua likiwa nyuzi 6 hivi juu ya upeo wa macho. Ubaruku, wilayani Mbarali, ni karibu nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta. Jua hushuka karibu wima, na nyuzi hizo 6 huisha kwa takriban dakika 25. London mwezi Juni jua hushuka kwa kupinda, na muda huo hukaribia kuwa mara mbili. Tumeazima saa ya watu wa kaskazini. Wala si dhahabu: jua likiwa chini, miali yake hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu ikatawanyika njiani, ukabaki umanjano na wekundu.

Ninachopendekeza ni mlalo. Shina lake, -lala, ni la Kibantu tangu kale: Wazulu wana ukulala, Wanyarwanda wana kurara. Kwetu limezaa laza, lalia, malazi na ulalo. Wanaolifunga katika usingizi hawajawasikiliza wakulima wa Usangu, huko huko Mbarali. Upepo ukiupiga mpunga uliokomaa, wao husema mpunga umelala: kilichosimama kimeinama hadi kuikaribia ardhi. Ndivyo unavyofanya mwanga wa jioni juu ya majaruba, na ndiyo sababu vivuli hurefuka.

Wapo wanaodai kuwa mlalo ni mali ya wanahisabati, kinyume cha wima. Hoja hiyo inanitetea mimi. Mwanga wa adhuhuri ni wima, hushukia utosini na kuyatia giza macho ya anayepigwa picha. Wa jioni ni mlalo. Istilahi iliyokuja na kinyume chake imekwisha kufundisha nusu ya somo. Wengine wameleta "machweo", wakaisahau asubuhi. Mlalo upo wa asubuhi na upo wa jioni.

Kwa matumizi: uwahi shambani kabla ya mlalo, uliweke jua ubavuni, upige.

Nililiwasilisha neno hili kwa kamati moja, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba wasomaji wamekwisha kuizoea "saa ya dhahabu". Wasomaji gani, ikiwa waliosambaza tafsiri hiyo ndio walewale wanaotoa ushahidi kuwa imezoeleka? Mazoea ya waandishi wachache wa vijitabu hayawezi kulishinda neno ambalo mkulima wa Ubaruku angelielewa bila kufafanuliwa. Toleo lijalo la kijitabu kile liandike mlalo.