Kutoka Esnes hadi Chamazi: Historia ya Kambi za Kazi za Vijana wa Mataifa

Kambi ya kazi ni mkusanyiko wa watu wa nchi mbalimbali, wengi wao vijana, wanaoishi pamoja kwa majuma kadhaa na kufanya kazi ya mikono kwa manufaa ya jamii iliyowapokea. Hawalipwi mshahara. Wanapata chakula na mahali pa kulala, na mchana wanajenga darasa, wanachimba mtaro, wanapanda miti au wanatengeneza barabara. Desturi hiyo ilianza Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikafika Asia, kisha ikaingia Afrika katika miaka ya kudai na kupata uhuru. Kadiri ilivyoenea, suala moja lilizidi kupata uzito: nani anakwenda kwa nani, na nani anaamua kazi gani ifanyike.

Kambi ya kwanza iliwekwa Novemba 1920 katika kijiji cha Esnes-en-Argonne, karibu na Verdun, mashariki mwa Ufaransa. Nyumba za kijiji hicho zilikuwa zimebomolewa vitani na mashamba yake yamejaa mashimo ya makombora. Aliyeianzisha alikuwa Pierre Cérésole, mhandisi wa Uswisi aliyezaliwa Lausanne mwaka 1879, ambaye baba yake alikuwa Rais wa Shirikisho la Uswisi mwaka 1873. Mtoto huyo wa ukoo wa watawala alikataa kulipa kodi ya jeshi, akafungwa kwa ajili hiyo. Wazo la kambi lilitokana na mkutano wa Wakristo wapinga vita uliofanyika Bilthoven, Uholanzi, mwaka 1919. Cérésole na wenzake, wakiwemo Waingereza wa dhehebu la Quaker na Wajerumani, walijenga mabanda ya mbao ya kuwahifadhi wakulima waliorejea, wakafukia mashimo na kutengeneza njia.

Nia hasa ilikuwa kumweka Mjerumani ajenge pale Wajerumani walipobomoa, na hiyo ndiyo iliyoiponza kambi. Wakuu wa eneo hilo hawakukubali Wajerumani waendelee kuwapo, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1921 kundi likatawanyika. Kwa kuhesabu vibanda vilivyosimama, Esnes ilikuwa jambo dogo tena lililokatizwa njiani. Hata hivyo, ilionyesha mapema kwamba moyo wa wageni hautoshi. Mwenyeji naye ana vidonda vyake, ana hofu yake, na ana haki ya kukataa.

Katika miaka iliyofuata Cérésole alianza na maafa ya asili, ambayo hayana adui wa kulaumiwa. Mwaka 1924 kundi lake lilisafisha vifusi vya maporomoko ya theluji huko Les Ormonts, katika milima ya Uswisi. Ndugu yake Ernest, ambaye alikuwa kanali wa jeshi, alisaidia kuongoza kazi za miaka hiyo. Mpinga vita na mwanajeshi wakashika sururu pamoja. Kambi iliyoipa harakati hii jina ilikuwa ya Liechtenstein. Mnamo Septemba 1927 mto Rhine ulivunja kingo zake na kufunika mashamba ya nchi hiyo ndogo kwa changarawe na matope. Mwaka 1928 wajitoleaji zaidi ya 700 walipokezana kwa miezi kadhaa kuondoa mawe kwa makoleo na mabehewa madogo ya reli. Wanafunzi wa vyuo, vibarua, walimu na makarani walilala chumba kimoja na kula chungu kimoja. Wanawake waliojiunga waliitwa masista, wakapangiwa jikoni na kufulia nguo, na ilichukua muda mrefu kabla hawajapewa koleo kama wengine. Harakati iliyohubiri usawa wa mataifa ilikawia kuuona usawa huo ndani ya kambi zake yenyewe.

Shirika lililozaliwa na kambi hizo linajulikana kwa jina la Service Civil International, au kwa kifupi SCI. Katika miaka ya 1930 taratibu zake zilikuwa zimeanza kukomaa: kazi iwe ya lazima kwa jamii, wenyeji waiafiki, na isiwanyang'anye vibarua riziki yao. Sharti hilo la mwisho lilionekana uzito wake huko Brynmawr, mji wa wachimba makaa ya mawe wa kusini mwa Wales. Kambi ya mwaka 1931 ilikuta migodi imefungwa na wanaume wengi hawana ajira, na katika hali hiyo mgeni anayefanya kazi bure anaweza kuonekana mwizi wa ajira. Kambi ikajikita katika bustani ya umma na bwawa la kuogelea, kazi ambazo hakuna mwajiri aliyekuwa tayari kuzilipia, na wajitoleaji wakafanya kazi bega kwa bega na wenyeji wasio na ajira.

Uongozi katika kambi hizi ulifundishwa bila ubao wala chaki. Kiongozi wa kambi alikuwa na wajibu wa kupanga zamu, kutunza fedha za chakula, kusuluhisha ugomvi, na kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji. Lakini asubuhi alitoka na koleo kama wengine wote. Hakuwa na cheo cha kumtisha mtu, wala mshahara wa kumvutia mtu, na wale aliowaongoza huenda hawakuwa na lugha moja. Alichokuwa nacho ni mfano wake mwenyewe. Jioni kambi ilikaa pamoja kujadili kazi ya siku na mambo ya dunia. Shule nyingi za uongozi za leo zina kumbi nzuri na vyeti vya kupendeza, lakini chache humweka mwanafunzi katika mtihani mgumu kama huo.

Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu jimbo la Bihar, mashariki mwa India. Cérésole alikwenda huko, akakutana na Gandhi, na akafanya kazi kwa ushirikiano na Rajendra Prasad, aliyeongoza misaada na baadaye akawa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya India. Yeye na Wazungu wachache waliomfuata walishiriki kujenga vijiji vipya kwa ajili ya watu ambao ardhi yao ilikuwa haifai tena kukaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa harakati hii kutoka Ulaya, tena kuingia katika nchi iliyokuwa chini ya ukoloni. Mzungu aliyebeba udongo kando ya mkulima wa Kihindi alikuwa kioja machoni pa wakoloni, na pia machoni pa wenyeji wa tabaka la juu ambao kwao kazi ya udongo ilikuwa ya watu wa chini. Kazi ya Bihar iliendelea hadi mwaka 1937. Cérésole alifariki mwaka 1945.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kambi zilienea Ulaya nzima, kwani magofu yalikuwa kila mahali. Mwaka 1948, chini ya mwavuli wa UNESCO, mashirika ya kambi za kazi yaliunda kamati ya kuratibu shughuli zao yenye makao yake Paris. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1958, vilizaliwa vyombo vitatu katika nchi tatu: Uingereza ilipata shirika la wajitoleaji la VSO la Alec Dickson na mkewe Mora, Ujerumani ikapata Aktion Sühnezeichen, iliyowapeleka vijana wa Kijerumani kufanya kazi ya toba katika nchi zilizoumizwa na Wanazi, na Marekani ikapata Operation Crossroads Africa.

Hata hivyo, Afrika haikukaa ikisubiri kuletewa. Chama cha kambi za kazi cha Ghana, VOLU, kilianzishwa mwaka 1956, kabla ya uhuru wa nchi hiyo na kabla ya vyombo hivyo vitatu vya 1958. Nchini Kenya chama kama hicho kilianzishwa mwaka 1962, nacho leo kinaitwa Kenya Voluntary Development Association. Mbegu iliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Wapare na Wasambaa walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza mifereji na barabara. Wakenya walifanya harambee kuwa wito wa taifa. Warwanda wana umuganda. Kijana wa Upareni hakuhitaji kufundishwa na mtu kutoka Ulaya kwamba barabara ya kijiji hujengwa na wanakijiji. Kilichokuwa kipya kwake ni kuijenga pamoja na mtu wa kabila jingine au wa nchi nyingine, kisha jioni kukaa naye na kuulizana maswali.

Crossroads ilikuwa kazi ya mchungaji James H. Robinson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Knoxville, Tennessee, mwaka 1907, na aliyeongoza Church of the Master mtaani Harlem, New York. Alizunguka katika vyuo vya Marekani akiwahimiza wanafunzi waende Afrika kufanya kazi na vijana wenzao. Mwaka 1958 kundi la kwanza likaenda Afrika Magharibi. Kila kikundi kilichanganya weusi na weupe, wakati ambapo katika sehemu kubwa ya kusini mwa Marekani watu hao hao wasingeweza kukaa meza moja hotelini. Washiriki walichangia gharama zao wenyewe, mara nyingi kwa michango ya makanisa na majirani, na wakirudi walitarajiwa kupita wakizungumza na watu kuhusu Afrika waliyoiona. Robinson alitaka safari imbadilishe Mmarekani kwanza. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy aliwaambia wana-Crossroads kwamba kazi yao ndiyo iliyotangulia Peace Corps, mpango wa serikali yake wa wajitoleaji.

Peace Corps yenyewe iliundwa kwa amri ya Kennedy ya tarehe 1 Machi 1961. Walimu wa kwanza walitua Accra Agosti mwaka huo. Tanganyika, iliyokuwa ikingoja uhuru wa tarehe 9 Desemba, ilipokea kundi la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokuwa wamefundishwa El Paso, Texas. Kazi yao ilikuwa hasa barabara za vijijini, ili mazao yafike sokoni. Walijifunza Kiswahili, na kwa hilo wanastahili heshima. Lakini huu haukuwa tena utaratibu wa kambi. Mjitoleaji alitumwa na serikali yake kwa miaka miwili akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, na hakuna Mtanganyika aliyetumwa Texas kujenga barabara. Huko Ibadan, Nigeria, Oktoba 1961, postikadi ya mjitoleaji mmoja iliyoeleza maisha ya hapo kwa maneno ya kudharau iliokotwa, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha na siasa ya kujitegemea ya mwaka 1967, iliachana na Peace Corps mwaka 1969, na wajitoleaji hawakurudi hadi 1979.

Mashaka hayakuwa ya Afrika peke yake. Mwezi Aprili 1968, huko Cuernavaca, Mexico, padri Ivan Illich aliwaeleza wanafunzi wa Marekani waliojiandaa kwenda vijijini kwamba nia yao njema ilikuwa inawadhuru wale waliotaka kuwasaidia. Aliwashauri waje kutembea na kujifunza, waache kujifanya waokozi. Hoja yake ilikuwa kali kupita kiasi, kwa sababu iliwasahau wenyeji waliojua kuwatumia wageni kwa faida yao. Lakini iligusa penye ugonjwa.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa kuifanya safari iwe ya kwenda na kurudi kwa pande zote mbili. Jacques Hébert alianzisha Canada World Youth mwaka 1971 kwa mpango rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: kila kijana wa Kanada aunganishwe na kijana wa nchi nyingine, waishi pamoja katika familia ya Kikanada kwa miezi kadhaa wakifanya kazi za jamii, kisha wahamie pamoja nchi ya yule wa pili. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi shiriki. Katika mpango huo kila mmoja alipata zamu ya kuwa mgeni asiyejua kitu, na zamu ya kuwa mwenyeji anayeulizwa kila kitu.

Norway ilifika hapo kwa njia ndefu. Fredskorpset, taasisi yake ya wajitoleaji iliyoanzishwa mwaka 1963, ilituma Wanorwe peke yao kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2000 ilipangwa upya kuwa mpango wa kubadilishana kati ya taasisi, ambapo vijana wa Afrika wanakwenda Norway, na wengine wanabadilishana baina ya nchi za Kusini zenyewe. Mkenya anaweza kufanya kazi Uganda na Mganda akaja Kenya. Ujerumani ilianza mpango wa weltwärts mwaka 2008 kwa kuwapeleka nje vijana wake, na kuanzia mwaka 2013 ikafungua mlango kwa vijana wa nchi zilizowapokea nao wahudumu Ujerumani.

Kambi za mtindo wa zamani bado zipo. Huko Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, shirika la vijana la UVIKIUTA hupokea vijana wa ndani na wa nje kwa kazi za ujenzi, mazingira na elimu. Kambi hizi zinashindana na biashara kubwa ya utalii wa kujitolea, ambayo humuuzia mgeni majuma mawili katika kituo cha yatima na kumwacha mtoto akiagana na rafiki mpya kila mwezi. Vijana wa Afrika Mashariki nao hukwama mara nyingi kwenye viza na nauli kabla hata ya kufikiria kambi ya Ulaya. Njia za barani zimekuwa rahisi zaidi kidogo. Umoja wa Afrika ulianzisha mpango wake wa wajitoleaji vijana mwaka 2010, unaowapeleka vijana kuhudumu katika nchi nyingine za bara hili, na tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa.