Mgodi wa Falun: Shaba, Rangi na Wageni

Hati ya zamani kuliko zote zinazohusu mgodi wa Falun iliandikwa Juni 1288. Inaeleza jinsi Peter, askofu wa Västerås, alivyojirudishia sehemu moja ya nane ya mlima wa shaba uliopo Dalarna, katikati ya Sweden. Kwa hiyo zaidi ya karne saba zilizopita mgodi huo ulikwisha kugawanywa kwa hisa, na hisa hizo ziliuzwa na kununuliwa. Uchimbaji wenyewe uliitangulia hati kwa muda mrefu. Mwaka 1347 Mfalme Magnus Eriksson aliwapa wenye mgodi hati ya kifalme iliyotaja haki na wajibu wao, na ushirika huo wa wenye hisa ndio uliokuja kuwa kampuni ya Stora Kopparberg.

Karne ya 17 ndiyo iliyoupa Falun jina. Mwaka 1650 mgodi ulitoa takriban tani 3,000 za shaba, na katika miaka yake bora theluthi mbili ya shaba ya Ulaya ilitoka humo. Vita vya wafalme wa Sweden vililipiwa kwa mlima huu. Shaba ilikuwa tele kiasi kwamba mwaka 1644 serikali ilianza kutoa fedha za vibapa vya shaba, na kibapa kikubwa kuliko vyote kilikuwa na uzito wa karibu kilo 20.

Waliobeba uzito huo ni wachimbaji. Walirundika kuni kwenye uso wa mwamba na kuziwasha usiku. Mwamba ukishapasuka kwa joto, waliuvunja kwa nyundo na mitaimbo. Mawe yalivutwa juu kwa kamba za ngozi ya maksai. Kwa kuwa ngozi zilihitajika kwa wingi, nyama nayo ilikuwa nyingi, ikatengenezwa soseji, na soseji hiyo ya Falun ingali chakula cha kila siku nchini Sweden. Mgodi huu haukukubali kitu kipotee, na kwangu hiyo ndiyo siri ya umri wake.

Lakini watu hao walichimba bila mpango wa pamoja, kila kundi likifuata shaba ilikoelekea, hadi mlima ukabaki maganda matupu. Katika sikukuu ya katikati ya kiangazi ya mwaka 1687 kuta zilizotenganisha mashimo makubwa ziliporomoka, na njia za chini zikafukiwa. Ingekuwa siku ya kazi, mamia ya watu wangekuwa chini. Ilikuwa moja ya siku chache za mapumziko katika mwaka mzima, na hakufa hata mtu mmoja. Pengo lililobaki, Stora Stöten, lina upana wa zaidi ya mita 300 na kina cha karibu mita 100. Uchimbaji uliendelea.

Si wote waliookoka hivyo. Mwaka 1719 wachimbaji walikuta maiti ya kijana ndani ya njia iliyojaa maji. Chumvi za shaba zilikuwa zimeihifadhi hata ikaonekana ya mtu aliyefariki juzi, na hakuna aliyemtambua mpaka alipofika mwanamke mzee, Margareta Olsdotter. Alikuwa Mats Israelsson, mchumba wake, aliyepotea mgodini mwaka 1677. Waandishi wa Kijerumani Johann Peter Hebel na E.T.A. Hoffmann walikifanya kisa hicho kuwa hadithi mashuhuri. Mats mwenyewe hakupewa heshima ya haraka: mwili wake uliwekwa hadharani watu wautazame, na baada ya kuzikwa ulifukuliwa ukaoneshwa tena. Alizikwa kwa mara ya mwisho mwaka 1930. Linauma, nami naona ni haki kwamba wanaotembelea mgodi leo wanasimuliwa.

Wageni si jambo jipya Falun. Mwaka 1734 mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus alishuka, akaandika kwamba hajapata kuona maelezo ya jehanamu ya kutisha kuliko aliyoyashuhudia: giza, masizi, jasho, ngazi zinazoyumba. Huko juu moshi wa salfa ulikuwa umeua mimea ya eneo zima. Wafalme nao walishuka, na majina yao bado yanasomeka kwenye mwamba.

Tarehe 8 Desemba 1992 uchimbaji ulikoma, kwani mbale iliyobaki haikulipa tena. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mgodi pamoja na mji wake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo mtembeleaji huvaa koti la mvua na kofia ngumu, akafuatana na kiongozi hadi mita 67 chini ya ardhi, ambako baridi haibadiliki mwaka mzima: nyuzi tano au sita hivi. Huko huoneshwa shimo la Creutz, lenye kina cha mita 208, na ukuta wake mrefu wa mbao. Waliolitengeneza eneo hili kwa ajili ya wageni hawakulipamba. Njia zimeachwa finyu na nyevu kama zilivyokuwa, nami nawapongeza kwa hilo.

Kazi moja haikusimama. Vifusi vya karne nyingi, ambavyo wachimbaji wa Geita wangeviita magwangala, vina udongo wa chuma unaooshwa, kuchomwa na kusagwa kuwa rangi nyekundu ya Falun. Rangi hiyo huhifadhi mbao, na ndiyo iliyozipaka nyumba za mashambani kote Sweden.

Kwa hiyo atakayefika asiishie shimoni. Elsborg, Gamla Herrgården na Östanfors, mitaa ya nyumba za mbao walimoishi wafanyakazi na familia zao, imo katika urithi huohuo unaolindwa, na inahitaji angalau nusu siku ya kutembea kwa miguu.