Kutoka Kufuli Tatu Hadi Namba ya Siri

Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Tumeona tuandike kidogo jinsi simu ilivyoingia katika kazi yetu ya kuweka na kukopa, ili wanachama wapya nao wajue tulikotoka.

Miaka ya tisini, hela ya mtoto aliyeko mjini ilikuja ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi. Ukiwa na bahati inafika yote. Habari ya msiba tuliisikia kwenye matangazo ya vifo ya Redio Tanzania. Simu za mkononi zilianza nchini katikati ya miaka hiyo, lakini zilikuwa za wakubwa. Baada ya mwaka 2000 zikatufikia na sisi, tukajua vocha na kubipu. Mwaka 2007 Safaricom wakaanzisha M-Pesa Kenya, na mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Bahasha ya kondakta ikafa hapo.

Pamoja na hayo, kikundi chetu kilianza na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo walishika akina mama watatu, na mweka hazina hakuwa na hata mmoja. Hela ilihesabiwa mezani kwa sauti. Hata asiyejua kusoma aliona na kusikia.

Ndiyo maana suala la kuhamia kwenye simu lilitugawa. Waliotaka walisema kweli: sanduku linavutia wezi, na mwenzetu aliyeko gulioni anaweza kutuma hisa yake bila kupoteza siku. Mwaka 2019 ikaja M-Koba, ambayo hela haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Waliokataa nao walisema kweli. Bibi asiyesoma humpa mjukuu namba ya siri, na hapo jamani mwenye hela ni nani? Mwenzetu mmoja alipigiwa na mtu aliyejifanya wa kampuni ya simu, akaitaja namba yake, akiba yote ikaenda. Tena mwaka 2021 ilipokuja tozo ya miamala, kila shilingi ilikatwa njiani, ingawa Serikali iliipunguza mwaka uleule.

Lakini kilichotuumiza zaidi ni viti vitupu. Mtu anatuma hisa, haji kikaoni, na hajui kuwa jirani yake kauguliwa.

Basi tukakubaliana hivi. Simu itabeba hela, kikao kitabaki palepale. Kila ujumbe wa muamala unasomwa kwa sauti mbele ya wote, kama tulivyohesabu noti. Asiyefika vikao viwili mfululizo tunamfuata nyumbani, hata kama hisa yake imeingia.

Simu inajua nani katuma. Nani analala njaa, hilo tunalijua sisi tukikutana. Wanachama wapya, njooni vikaoni.

Umoja ni nguvu. Mungu akibariki kikundi chetu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama