Kazi ya Watu Wengine Ndani ya Diski Yako

Mei 17, 1999, Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley kilitoa programu ya SETI@home. Kompyuta ya mtu wa kawaida ilipokaa bure, programu hiyo ilichambua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ikitafuta dalili za viumbe wenye akili huko angani. Malipo hayakuwepo, lakini zaidi ya watu milioni 5 walijiunga.

Kila fungu la data lilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 340 hivi. Liliwekwa pale pale programu ilipo. Nani angejali? Katika Windows 98 kila aliyeketi mbele ya kompyuta alikuwa na mamlaka yote. Hakuna folda iliyomkataza kuandika.

Mwaka 2002 David Anderson, mmoja wa waasisi wa SETI@home, alianza kujenga BOINC, jukwaa moja la miradi mingi ya aina hiyo. Miongoni mwa waliolitumia ni malariacontrol.net, mradi wa taasisi ya Basel, Uswisi, ile ile iliyoanzisha maabara ya Ifakara, Tanzania, miaka ya 1950. Faili za BOINC zilikuwa na mpangilio wake: folda ya “projects” kwa data za miradi, “slots” kwa kazi zinazoendelea, na faili moja, client_state.xml, inayokumbuka kila kitu. Ikiharibika hiyo, kazi ya wiki nzima inaweza kupotea.

Vyote hivyo vilikaa ndani ya C:\Program Files\BOINC. Mpangilio huo ulikuwa wa kizembe, lakini ulikuwa na faida yake: mtu alijua pa kwenda. Waliojitolea kwa climateprediction.net, ambao hesabu moja ya hali ya hewa iliweza kuwachukua miezi, walizoea kunakili folda nzima kama akiba, umeme ukikatika au diski ikifa wasirudi mwanzo.

Januari 2007 Windows Vista ikaingia madukani na mlango ukafungwa. Programu ya kawaida haikuruhusiwa tena kuandika ndani ya Program Files. Ajabu zaidi, programu za zamani hazikuambiwa kwamba zimekataliwa: Windows ilichukua faili zao kimyakimya na kuziweka katika folda iitwayo VirtualStore, ndani ya eneo la mtumiaji aliyekuwepo. Baba na binti wanaotumia kompyuta moja kwa akaunti mbili wangeweza kuona nakala mbili tofauti za faili ile ile.

BOINC 6, mwaka 2008, ikatenganisha mambo. Programu ilibaki Program Files. Data ikahamia C:\ProgramData\BOINC, eneo la watumiaji wote. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa kazi ya BOINC ni ya kompyuta, na inaweza kuendelea hata aliyeisakinisha akiwa ametoka. Tatizo ni kwamba Windows huificha folda ya ProgramData. Mgeni aliyekaribishwa kwa moyo mweupe sasa alikuwa amelala chumba ambacho mwenye nyumba hakioni. Kisakinishi kilimruhusu mtu kuchagua mahali pengine, ila chaguo hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya ziada, na wengi wetu kwenye kurasa hizo hubonyeza “endelea” tu.

Watu wa Linux walikuwa na utaratibu tangu 1994, ulipotolewa mwongozo wa kwanza wa mpangilio wa folda zao. Debian huweka data ndani ya /var/lib, chini ya akaunti maalumu iitwayo boinc. Ni safi, lakini asiyekuwa katika kundi la boinc hukuta dirisha la programu likikataa kuunganishwa na kazi inayoendelea ndani ya kompyuta yake mwenyewe, kwa sababu hawezi kusoma faili yenye nywila.

Toleo la Android lilipotoka mwaka 2013, swali la mahali pa kuweka data halikuulizwa kabisa. Data huwekwa katika hifadhi ya ndani ya programu, ambayo mwenye simu haifikii kwa njia ya kawaida.

Machi 31, 2020, SETI@home, ambayo nayo ilikuwa imehamia BOINC, iliacha kugawa kazi. Wako walioiondoa BOINC wakadhani yamekwisha. Kwenye Windows, kuiondoa programu hakuondoi folda ya data. Anayetaka nafasi yake irudi lazima aonyeshe kwanza folda zilizofichwa, aingie ProgramData, kisha aifute folda ya BOINC kwa mkono wake.